Barua ya Wazi kwa Bodi ya Famasia ya Texas: Ijazeni Orodha Mliyoiacha Tupu

Kwa:
Mwenyekiti na Wajumbe,
Bodi ya Famasia ya Jimbo la Texas,
Austin.

Nakala:
Bodi ya Madaktari ya Texas;
Wabunge wa Bunge la Texas.

YAH: WAGONJWA KUBADILISHIWA MTENGENEZAJI WA DAWA BILA WAO WALA MADAKTARI WAO KUJULISHWA

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima, nikiwa mkazi wa Fort Worth, mhudumu wa wazee majumbani, na mtoto wa mama mwenye kifafa. Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimeituma Austin kwa posta. Hii ya Kiswahili naitoa hadharani kwa sababu wengi wanaoguswa na jambo hili hawataweza kuisoma ile nyingine. Ni wazee wetu waliotoka Uvira, Fizi, Bujumbura, Kigoma na Mombasa, ambao leo wanaishi katika miji ya Texas na kumeza kila siku dawa zinazoweza kubadilishwa bila wao kuambiwa neno.

Ombi langu kubwa ni moja. Sheria ya Texas inawataka muweke orodha ya dawa ambazo mgonjwa asibadilishiwe mtengenezaji kiholela anapojaziwa chupa yake. Orodha hiyo mmeiacha tupu. Naomba muijaze.

Kabla sijaendelea, niseme wazi kwamba sipingi dawa za jeneriki, yaani zile zenye kiambato kile kile cha dawa ya jina la kibiashara, ambazo viwanda vingine huruhusiwa kuzitengeneza baada ya hataza ya mwenye jina kwisha muda. Katika kila maagizo 10 ya daktari yanayotimizwa Marekani, takriban 9 ni ya jeneriki, na bila dawa hizo familia kama yangu isingemudu matibabu. Mama yangu ametumia jeneriki tangu alipoanza kutibiwa katika nchi hii. Atakayeichukua barua hii ili awatishe watu na dawa za bei nafuu atakuwa ameisoma vibaya.

Yaliyompata mama

Mama ana umri wa miaka 67. Alizaliwa Uvira, na aliishi miaka 17 katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kupokewa hapa Texas. Kambini alikuwa akipewa vidonge vya fenobabitali katika kijibahasha cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu "1×1", nacho kilimtosha. Kusoma Kiswahili anajua, lakini dawa ameizoea kwa macho na vidole: rangi yake, umbo lake, ukubwa wake kiganjani. Ndivyo walivyo wazee wengi ninaowahudumia, na hapo nawahesabu pia Wamarekani waliozaliwa na kukulia Texas, ambao nao wakiulizwa wanakunywa dawa gani hujibu, "ile ndogo ya njano ya asubuhi."

Huku daktari wa mishipa ya fahamu alimhamishia kwenye fenitoini, kapsuli tatu za miligramu 100 kila usiku. Kwa miaka minne hakuanguka hata mara moja. Alianza kupanda basi peke yake kwenda kanisani, jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kulifanya tangu ujana wake.

Mwaka jana kijana wangu alipita kwenye dirisha la magari la famasi yetu, akapewa mfuko uliofungwa, akauleta nyumbani. Ndani yake kulikuwa na chupa yenye jina la mama na dozi ile ile, lakini kapsuli zake zilikuwa za rangi nyingine kabisa. Chupa ya zamani ilikuwa bado na kapsuli za wiki nzima, kwa sababu dawa hujazwa kabla haijaisha. Mama aliziweka chupa mbili mezani, akazitazama, akaamua kile ambacho mtu yeyote mwenye akili zake angeamua: daktari ameongeza dawa ya pili. Miezi michache nyuma daktari alikuwa amemwambia, kupitia mkalimani wa simu, kwamba huenda siku moja akaongezewa nyingine. Basi usiku ule alimeza tatu za zamani na tatu za mpya, na usiku uliofuata vivyo hivyo.

Siku ya tano alianza kuyumba. Aliniambia, "Mwanangu, nyumba inazunguka," na nilipomtazama niliona macho yake yakitikisika kushoto na kulia bila kutulia. Siku ya sita alianguka bafuni, na safari hii hakikuwa kifafa, kwani miguu ndiyo iliyokataa kumbeba. Hospitalini walipima kiwango cha fenitoini katika damu yake wakakuta mikrogramu 34 kwa mililita, ilhali kiwango kinachotakiwa ni kati ya 10 na 20. Alilazwa siku nne. Aliyegundua sababu ni muuguzi wa zamu, ambaye alimwaga chupa zote mbili juu ya meza, akasoma maandishi madogo, akaniambia kwamba dawa ni moja na viwanda ni viwili.

Sidai kwamba kapsuli mpya zilikuwa mbovu. Sina sababu ya kudhani hivyo. Kilichomlaza mama ni kwamba hakuna aliyemwambia.

Nilikokwenda kabla ya kuja kwenu

Nilikwenda kwanza kwa msimamizi wa famasi. Alinipokea kwa adabu, akaeleza kwamba msambazaji wao alibadilisha kiwanda mwezi ule, na kwamba dawa zinazolingana huruhusiwa kubadilishwa. Niliandika barua makao makuu ya kampuni yenye famasi hiyo. Baada ya wiki sita nilipata jibu la kurasa moja na nusu lililonishukuru kwa maoni yangu na kunihakikishia kwamba taratibu zote zilifuatwa. Nilipiga simu kampuni ya bima mara tatu, na kila mara mhudumu aliniambia kwamba bima hulipia dawa, haimchagulii mtu kiwanda. Daktari wa mama naye alisikitika kwa dhati, kisha akakiri kwamba hata yeye hakujulishwa, na kwamba kama nisingempigia asingejua hadi miadi inayofuata.

Kila mlango niliobisha nilijibiwa kwamba sheria haikuvunjwa. Nikaamua kuisoma sheria yenyewe. Nilichokikuta ni kwamba wamesema kweli, na ndiyo sababu barua hii inakuja kwenu.

Sheria inasema nini

Sura ya 562 ya Sheria za Taaluma za Texas inaeleza kwamba Bunge lilikusudia kumwokolea mnunuzi fedha kwa kuruhusu dawa ya bei ya chini iliyo sawa itolewe mahali pa ile ya jina la kibiashara. Lengo hilo ni jema na naliunga mkono. Mfamasia anatakiwa amwarifu mgonjwa kwamba kuna dawa nafuu zaidi na amwache achague. Uchaguzi huo ukishafanyika mwanzoni, famasi haidaiwi kuurudia kila chupa inapojazwa tena.

Lakini Bunge lilitambua kwamba dawa si zote za namna moja. Kifungu cha 562.014 kinahusu dawa ambazo pengo kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni dogo sana. Katika barua hii nitaziita dawa za pengo dogo. Kifungu kinasema kwamba agizo la dawa kama hiyo lijazwe kwa dawa ya mtengenezaji yule yule aliyetumika mara ya mwisho, isipokuwa daktari akubali vinginevyo, na kwamba famasi ikiwa haina dawa ya mtengenezaji huyo, mgonjwa na daktari wajulishwe. Yasome tena maneno hayo kama mtu aliyekaa siku nne kwenye kiti cha hospitali pembeni ya kitanda cha mama yake, na utaelewa kwa nini mikono yangu ilitetemeka. Kila kitu nilichokuwa nikikiomba kilikuwa kimeshaandikwa.

Sharti lilikuwa moja: Bodi yenu, ikishauriana na Bodi ya Madaktari, itaje ni dawa zipi. Na katika kanuni yenu ya 309.3 mliandika kwamba baada ya mashauriano hayo mmeamua kwamba hakuna dawa itakayoingizwa katika orodha.

Mambo yanayonisumbua

1. Orodha tupu imeifuta sheria bila Bunge kuifuta. Wawakilishi wa wananchi walikaa, wakajadili, wakaona kuna kundi la dawa linalohitaji uangalizi wa pekee, wakawakabidhi ninyi wenye utaalamu kazi ya kuzitaja. Uamuzi wa kutotaja hata moja unakifanya kifungu kizima kiwe kama nyumba yenye mlango usio na kitasa. Kama mliona kwamba sayansi haiungi mkono kifungu hicho, mahali pa kulisema hilo ni bungeni, waziwazi, ili kifutwe au kirekebishwe na watu wajue. Hali ilivyo sasa ni kwamba mgonjwa anayeisoma sheria anaamini amelindwa, mpaka afungue kanuni ndipo agundue kwamba ulinzi huo haumfikii mtu yeyote.

Tena, dawa hizi hazijifichi. North Carolina wana sheria inayofanana na yetu, na wao walitaja majina: fenitoini imo, kabamazepini, nayo ya kifafa, imo, warfarini ya kuzuia damu kuganda imo, lithiamu ya maradhi ya akili imo, na takrolimu wanayotumia watu waliopandikizwa figo imo. Hawaii inakataza mgonjwa wa kifafa abadilishiwe dawa bila ridhaa ya daktari na yake mwenyewe. Famasi za North Carolina hazijafungwa, na jeneriki zinaendelea kuuzwa huko kila siku.

2. Mnaisubiri Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, na FDA inawaachia ninyi. Kanuni yenu inasema mtaiangalia upya orodha iwapo FDA itaweka daraja jipya la dawa ambazo ni sawa lakini zinahitaji taarifa maalumu kwa mgonjwa na daktari zinapobadilishwa. Daraja hilo halimo katika Orange Book, kitabu ambacho FDA imekichapisha tangu mwaka 1980 kuonyesha dawa zipi zinalingana. Na FDA yenyewe hueleza katika kitabu hicho hicho kwamba kuchagua dawa ipi apewe mgonjwa ni sera ya kijamii na kiuchumi inayosimamiwa na majimbo. Mpira unatupwa Washington, unarudishwa Austin, na aliyeko uwanjani katikati ni mgonjwa.

FDA hata hivyo haijanyamaza kuhusu hatari ya dawa hizi. Tangu mwaka 2012, ikianza na warfarini, imependekeza kipimo kikali zaidi kwa jeneriki mpya za pengo dogo kuliko kile cha dawa za kawaida. Ikiwa mamlaka ya taifa inaona kwamba zinastahili jicho kali zaidi maabara, nashindwa kuelewa kwa nini jimbo lione kwamba hazistahili hata sentensi moja kwenye kaunta.

3. Jeneriki hupimwa dhidi ya dawa ya jina la kibiashara, haipimwi dhidi ya jeneriki nyingine. Nalieleza hili kwa makini kwa sababu hupotoshwa sana. Watu husema kwamba FDA huruhusu tofauti ya kati ya asilimia 80 na 125, wakadhani kwamba dawa inaweza kupungua kwa moja ya tano ikapitishwa. Sivyo. Namba hizo ni mipaka ambayo makadirio yote ya kitakwimu lazima yakae ndani yake, na FDA ilipozipitia tafiti 2,070 za mwaka 1996 hadi 2007 ilikuta kwamba wastani wa tofauti ya kiasi cha dawa kinachoingia mwilini ni asilimia 3.56 tu. Kwa dawa ya shinikizo la damu hilo halimsumbui mtu.

Fenitoini ni jambo lingine. Ini likishafikia mwisho wa uwezo wake wa kuiondoa, nyongeza ndogo ya dozi hupandisha kiwango cha damuni kwa kiasi kikubwa kisicholingana nayo. Mfamasia yeyote alifundishwa hili chuoni. Na historia yake inajulikana. Mwaka 1968 huko Brisbane, Australia, wagonjwa wa kifafa walianza kuyumba na kuona vitu viwili viwili kama mama yangu alivyoyumba. Kiasi cha fenitoini katika kapsuli zao kilikuwa hakijabadilika. Kilichobadilika ni unga wa kujazia: mtengenezaji alitoa salfeti ya kalsiamu akaweka laktosi, na dawa ikaanza kuingia mwilini kwa wingi zaidi. Upimaji wa leo ni bora mara nyingi kuliko ule wa 1968, hilo nalikubali kabisa. Hata hivyo mgonjwa anayehama kutoka kiwanda cha kwanza kwenda cha pili, kisha cha tatu, ndani ya mwaka mmoja, anapita njia ambayo haikupimwa na mtu yeyote, na daktari wake hajui hata kwamba safari hiyo ipo ili aagize kipimo cha damu.

Tena, daraja la Orange Book si la milele. Bupropioni, dawa ya sonona, ya jeneriki ya miligramu 300 iliidhinishwa mwaka 2006, wagonjwa wakalalamika, mwaka 2012 FDA ilikubali kwamba toleo mojawapo halikulingana na dawa ya asili, nalo likaondolewa sokoni. Mwaka 2014 ilizishusha daraja jeneriki mbili za methilfenideti, dawa ya wenye tatizo la kutotulia na kutozingatia. Makosa hayo yalianza kuonekana kwa malalamiko ya wagonjwa. Mgonjwa asiyejua kwamba amebadilishiwa kiwanda atalalamika kuhusu nini?

4. Rangi na umbo ni sehemu ya dawa kwa anayeimeza. Mtafiti Aaron Kesselheim na wenzake wa Boston walichapisha mwaka 2013 utafiti juu ya wagonjwa wa kifafa na wakakuta kwamba vidonge vinapobadilika rangi, uwezekano wa mgonjwa kuacha kuchukua dawa yake huongezeka kwa asilimia 27. Mwaka uliofuata walichapisha mwingine kuhusu watu waliopata shambulio la moyo: rangi ikibadilika uwezekano huo huongezeka kwa asilimia 34, umbo likibadilika kwa asilimia 66. Hao ni watu wanaoacha. Mama yangu ni wa upande wa pili, wanaomeza mara mbili, na katika nyumba ninazohudumia nimeshawakuta wengine wawili waliojikuta na chupa mbili kama yeye, mmoja akitumia warfarini. Kwake tulibahatika, kwa sababu watengenezaji wa warfarini hufuata rangi moja kwa kila kiasi cha dawa, miligramu 5 ikawa ya rangi ya pichi popote itokapo, na yeye mwenyewe alishangaa kuona chupa mbili zenye vidonge vya rangi moja akauliza kabla ya kumeza. Fenitoini haina desturi hiyo.

5. Maneno mliyompa daktari hayamsaidii mgonjwa maskini. Daktari akitaka agizo lake lisibadilishwe, kanuni inamtaka aandike kwamba jina la kibiashara ni la lazima. Maneno hayo hulinda jina la kibiashara na bei yake. Daktari wa mama alijitolea kuyaandika, bima ikakataa kulipia, na gharama ya mwezi mmoja ilizidi tunachotumia kwa chakula cha wiki mbili. Sisi hatukuhitaji jina la kibiashara. Tulihitaji jeneriki ile ile.

6. Lugha. Taarifa ambayo mgonjwa haielewi ni sawa na taarifa ambayo haikutolewa. Oregon imezitaka famasi zake ziweze kutoa lebo kwa lugha 14 zaidi ya Kiingereza, na Kiswahili ni mojawapo. Sentensi inayosema "Hii ni dawa yako ile ile, imebadilika sura tu, usimeze pamoja na ya zamani" ina maneno yasiyozidi 15. Ingemwepusha mama na siku nne za hospitali.

Majibu ninayoyatarajia

Najua mtasema ni dawa ile ile. Nimekubali hapo juu kwamba kwa sehemu kubwa ni ile ile, na hata mkinithibitishia kwamba ni ile ile kwa asilimia 100, mama angemeza chupa mbili vile vile. Hoja ya usawa wa kemikali inajibu swali ambalo mimi sikuliuliza.

Mtanitajia pia utafiti wa lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, uliogharamiwa kwa sehemu na FDA na kuchapishwa mwaka 2016, ambapo wagonjwa wa kifafa walihamishwa huku na huku kati ya jeneriki mbili zilizotofautiana kuliko zote, na viwango vya damuni vikabaki sawa. Ni utafiti mzuri, na umenipunguzia hofu. Ila lamotrijini huondoka mwilini kwa mwendo unaolingana na dozi, jambo ambalo fenitoini haifanyi. Tena wagonjwa wa utafiti ule walijua kwamba wako katika utafiti, na walikuwa wakifuatiliwa kwa vipimo. Huo ndio uangalizi ninaouomba, kwa kiasi kidogo zaidi.

Kuna jibu moja ninaloliheshimu kuliko yote. Sheria za dawa za pengo dogo zina historia isiyopendeza. Warfarini ya jeneriki ya kampuni ya Barr ilipoidhinishwa mwaka 1997, kampuni ya DuPont Merck, iliyokuwa ikiuza Coumadin, yaani warfarini ya jina la kibiashara, ilizunguka katika mabunge ya majimbo ikishawishi yaweke vizuizi, na wengi waliona kwamba iliyokuwa ikilindwa ni biashara. Inawezekana kwamba mlipoiacha orodha tupu mlikuwa mnakataa kutumiwa, na kama ndivyo, siwalaumu kwa siku ile. Lakini Coumadin yenyewe iliondolewa sokoni mwaka 2020, na sheria ya Texas inazungumzia mtengenezaji yule yule wa mwisho, awe nani, hata akiwa wa bei ya chini kuliko wote. Mgonjwa aliyeanza na jeneriki anabaki na jeneriki yake. Sioni ni kampuni gani kubwa itakayonufaika kwa mama yangu kupigiwa simu.

Wafamasia watalalamika kwamba wamelemewa na kazi, na ni kweli, nawaona wakila wamesimama. Ndiyo sababu siombi orodha ya dawa mia. Naomba dawa chache zinazojulikana. Kompyuta ya famasi inajua namba ya bidhaa iliyotolewa mwezi uliopita na ya mwezi huu. Kinachotakiwa ni iamrishwe kupiga kengele zikitofautiana. Na dawa ikiadimika, kama inavyotokea mara kwa mara, kifungu cha 562.014 kimeshatoa njia: toa iliyopo, ujulishe. Hakuna mgonjwa atakayerudishwa nyumbani mikono mitupu.

Ninayoyaomba

Kwanza, Bodi yenu na Bodi ya Madaktari ziifungue upya kanuni ya 309.3, zialike maoni ya wananchi, na kuingiza katika orodha angalau fenitoini, kabamazepini, warfarini, lithiamu, levothairoksini ya tezi ya shingo, siklosporini ya waliopandikizwa viungo, na takrolimu. Mkikataa mojawapo, mtoe sababu yake kwa maandishi, dawa kwa dawa, badala ya sentensi moja inayozifuta zote.

Pili, wakati hilo linasubiriwa, mtoe mwongozo unaozitaka famasi zibandike kwenye chupa ya dawa yoyote ya kifafa iliyobadilika sura karatasi ya rangi yenye onyo kwamba dawa ni ile ile na isimezwe pamoja na ya zamani. Onyo hilo litafsiriwe katika lugha zinazozungumzwa Texas, na kwa Kiswahili mimi na wenzangu wa kanisani tuko tayari kulitafsiri bila malipo, mkilikagua kwa mtaalamu wenu.

Tatu, kijana au jirani anapochukua dawa ya mzee dirishani, na dawa hiyo imebadilika mtengenezaji, mfamasia ampigie mgonjwa mwenyewe simu kabla chupa haijafunguliwa, kwa mkalimani ikihitajika.

Nne, Waheshimiwa Wabunge, kwa kuwa nakala hii imewafikia: mpeni daktari maneno mengine ya kuandika, yatakayoagiza "mtengenezaji yule yule" bila kulazimisha jina la kibiashara, na bima iyatambue.

Mama amepona. Bado anatumia fenitoini, na kila mwezi chupa ikifika huniita nije niitazame kabla hajaifungua, hata kama ni saa nne usiku nikitoka kazini. Kwenye basi la kanisani hapandi tena peke yake. Chupa zile mbili za mwaka jana nimezihifadhi na lebo zake. Naomba nipewe dakika zangu katika mkutano wenu ujao wa hadhara huko Austin, nami nitakuja nazo zote mbili niziweke mbele yenu.

Wenu kwa heshima,

Mkazi wa Fort Worth, Texas
(Jina kamili na anwani vimo katika nakala iliyotumwa kwa posta.)